Nazi ishirini hadi Rungwe: siku saba za kufuata nyama

Nimerudi Morogoro wiki tatu zilizopita. Simulizi hii nimeijenga kutoka daftari langu la oda, ambalo kurasa zake za mwisho zimelowa mafuta, na picha zaidi ya mia mbili za kwenye simu. Bei nilizoandika ni zile nilizolipa mimi mwanzoni mwa Julai. Utakayepita baadaye, weka akiba kidogo juu yake.

Kwanza sababu ya safari. Nina mgahawa mdogo, na kila Jumapili napika sufuria moja ya nyama ya nchi fulani. Huu ni mwaka wa sita. Wateja wangu wameshakula gulasi ya Hungaria, bobotie ya Afrika Kusini, suya ya Nigeria na doro wati ya Ethiopia. Vyakula ninavyovipenda kuliko vyote ni vya nyama ngumu: muundi, shingo, kidari, kwato. Sarara ukiigusisha moto tu imeiva, huna la kujivunia. Muundi unakudai akili na nusu siku.

Mwaka huu binti wa dada yangu alikuwa anaagwa kabla ya harusi yake, huko Rungwe, karibu na Tukuyu. Dada aliolewa kwa Wanyakyusa na ana miaka ishirini na tano huko. Akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye mjomba. Usije mikono mitupu, njoo na sufuria yako ya Jumapili." Nikachagua rendang. Ni chakula cha Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia: nyama ya ng'ombe inachemshwa kwenye tui zito na viungo mpaka tui lote likauke, kisha inajikaanga kwenye mafuta ya nazi yaliyobaki. Nilijua Rungwe ng'ombe wapo na ndizi zipo. Nazi sikuwa na uhakika nazo, nikanunua ishirini, nikazitia kwenye kiroba.

Kwa kuwa nilikuwa na wiki nzima, nikaamua kwenda polepole na kusimama kila mahali penye sufuria.

Siku ya 1, Jumapili. Morogoro hadi Iringa

Basi kutoka Msamvu lilitoka saa moja kasorobo asubuhi. Nauli Sh 25,000, na konda akataka Sh 5,000 ya kiroba. Nikamlipa bila ubishi kwa sababu alikiweka chini ya siti yangu badala ya kukitupa buti.

Mikumi tulipita mapema, swala na twiga wawili. Madereva wanaogopa ile hifadhi kwa sababu kugonga mnyama kuna faini kubwa, kwa hiyo basi linatambaa na wewe unapata picha. Ruaha Mbuyuni tulisimama dakika kumi na tano, vitunguu vimepangwa barabarani kwa vikapu na mibuyu imesimama nyuma yake. Nikanunua ndoo ndogo ya vitunguu kwa Sh 6,000. Vile ni vya kununua, ni vikavu na havina maji mengi.

Kisha mlima wa Kitonga. Kona ya tatu tulikuta lori limelala ubavu na foleni imeshafika chini kabisa. Tulikaa saa nne.

Nyuma yetu kulikuwa na lori la mizigo lililokuwa linarudi Tunduma. Utingo wake, kijana wa miaka ishirini hivi, alishusha jiko la mkaa, akaliweka kwenye kivuli cha tairi na kuanza kupika. Nikamsogelea, kama nilivyozoea kusogelea jiko lolote. Kwenye sufuria alikuwa amelowesha vipande vyeusi vigumu kama ngozi ya kiatu.

"Nyama hiyo?" nikamuuliza.

"Nyama, mzee. Bosi anainunua Zambia. Wenyewe wanaitafuna kavu hivi hivi, sisi tunaipika."

Ilikuwa biltong. Wale Makaburu wa zamani walioitengeneza huko kusini walikata nyama vipande virefu, wakaitia siki, chumvi na mbegu za giligilani, wakaitundika ikaushwe na upepo. Zimbabwe wanayo ya kwao, wanaiita chimukuyu, na huipika na karanga zilizosagwa. Kijana huyu hakuwa na karanga. Alitia nyanya tatu na kitunguu, nikampa viwili vyangu vya Ruaha, akafunika.

Dereva alikuja kunawa, akanitazama, akasema, "Mzee, kaa basi, unasimama kama askari." Tulikula ugali watu wanne kwenye sinia moja. Ile nyama ilikuwa na uchachu wa siki kwa mbali na ladha nzito ambayo mbichi haina kabisa, ukiipika utakavyo. Nilitaka kuchangia, dereva akakataa kabisa. "Ukinikuta siku nyingine nimekwama, utanipa na mimi." Nilimwachia nazi mbili. Zikabaki kumi na nane.

Iringa tuliingia usiku, saa moja na nusu. Stendi kuu iko Igumbilo, nje ya mji, kwa hiyo utahitaji bajaji kupanda mjini. Nililipa Sh 3,000. Gesti Sh 25,000 na maji ya moto kwenye ndoo. Mwezi wa saba usiulize kama maji ya moto yapo. Uliza yatakuja saa ngapi.

Siku ya 2, Jumatatu. Iringa

Asubuhi nilizunguka soko kuu, kisha nikatazama boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954, nilifika zamani na familia, kwa hiyo safari hii nilibaki mjini.

Mchana nilikwenda kula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Nyanda za juu ukisema unatafuta nyama, mtu wa pili atakayekujibu atakuelekeza kwenye kitimoto. Wenzetu Waislamu wasipate shida: mabucha na mabanda ya mbuzi yapo mengi na yametengwa.

Niliagiza nusu kilo, Sh 7,000 na ndizi, nikamwomba mpishi nisimame naye jikoni. Alikuwa mama wa makamo, Mhehe, nilipomwamkia "kamwene" akacheka na kunisogezea kigoda. Alikata nyama yenye mafuta yake vipande vya ukubwa wa kiberiti, akavitia kwenye karai na kikombe cha maji, chumvi, ndimu mbili na tangawizi iliyopondwa. Hakutia hata tone la mafuta. Akaacha vitokote, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Nilibaki naliangalia lile karai. Kwa dakika thelathini lilikuwa linachemka tu, povu la kijivu pembeni, mvuke mwingi. Halafu sauti ikaanza kubadilika. Mtokoto ulipungua, ukawa mlio mwembamba, kisha mchakacho. Maji yalikuwa yamekwisha na mafuta ya nyama yenyewe yameshayeyuka na kutulia chini, meupe kama maji. Yule mama hakuwa akiangalia karai. Alikuwa mlangoni anahesabu chenji, lakini mchakacho ulipoanza aligeuka papo hapo, akaja na mwiko.

"Unaisikiliza," nikamwambia.

"Sasa nisipoisikiliza nitajuaje, baba? Macho yanadanganya, kuna moshi."

Wameksiko wa Michoacán wanapika carnitas hivi hivi, nyama ya nguruwe inaiva taratibu ndani ya mafuta yake kwenye masufuria makubwa ya shaba. Rendang yangu nayo njia ni ileile, isipokuwa mafuta yanatoka kwenye nazi. Miaka yote sita nimekuwa nikiipima rendang kwa saa ya ukutani. Tangu siku ile naipima kwa sikio.

Neno moja muhimu: tegu la nguruwe ni tatizo linalojulikana nyanda hizi. Kula iliyoiva hadi ndani, na ukinunua mbichi tazama muhuri wa mkaguzi kwenye ngozi. Wapishi wazuri hawachukii ukiuliza.

Siku ya 3, Jumanne. Iringa hadi Makambako

Misonobari ya Sao Hill pande zote, Mafinga, mbao, baridi. Basi letu lilipasuka tairi mara moja, na jeki ikaazimwa kutoka kwa lori la watu. Makambako tulifika saa kumi jioni. Nauli Sh 12,000.

Makambako ni njia panda: hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ya Mbeya. Wengi wanapita tu. Mimi nililala kwa sababu moja, niliambiwa na dereva wa Kitonga kwamba supu ya makongoro anayoikubali yeye kati ya Dar na Tunduma iko pale, na inaanza kupikwa usiku.

Saa mbili usiku nikaenda kumtafuta mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya kibanda chake, amevaa koti la mvua juu ya kitenge, anachoma kwato za ng'ombe kwenye moto wa kuni. Anazigeuza mpaka nywele zinaungua, anakwangua kwa kisu, anaziosha, anazirudisha tena motoni. Kwato kumi na mbili. Harufu yake ni kali, ya nywele na ya pembe, lakini baada ya kukwanguliwa mara ya tatu ngozi ilikuwa ya rangi ya asali na inanukia kama mkate.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, supu alfajiri."

Nikamweleza kwamba mimi ni mpishi. Akanipa kisu.

Tulimaliza saa nne. Kwato ziliingia kwenye pipa lililokatwa, maji juu, tangawizi, kitunguu saumu kizima kizima, hakuna chumvi. Akaweka kifuniko cha bati, juu ya kifuniko gunia lililoloweshwa, juu ya gunia jiwe, jiwe hasa, la kubebwa kwa mikono miwili. Nikauliza jiwe la nini.

"Nilikaa Mbagala miaka minane," akasema. "Kule nilikuwa naweka kwato saa sita za usiku, asubuhi zimeiva. Nikarudi hapa, nikaweka saa sita, asubuhi ngumu. Wateja wakaondoka. Nikadhani ni ng'ombe wa huku. Nikabadilisha bucha, vilevile. Ndipo marehemu mama akaniambia: huku moto hauingii kama pwani, ziba."

Alilolisema lina maelezo yake, na mimi niliyekuja na sufuria yangu ya Morogoro nilistahili kulikumbuka. Kadiri unavyopanda juu hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Ni kama nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 na Mbeya karibu mita 1,700, kwa hiyo huko maji yanatokota yakiwa na nyuzi 95 au pungufu kidogo, na ukichochea kuni utakavyo hayapandi. Kano na ngozi ya nyama ngumu zinalegea na kugeuka ute kwa joto na muda, na joto likipungua muda unaongezeka. Gunia na jiwe vinazuia mvuke usitoroke, na vinabana kidogo ndani. Kidogo tu, lakini kwa saa saba hicho kidogo kina maana.

Siku ya 4, Jumatano. Supu, kisha Mbeya

Saa kumi na moja alfajiri giza bado, ukungu, na watu kumi na watano wameshapanga mstari, madereva, matingo, mabaunsa wa stendi na mama mmoja na mtoto mgongoni. Jiwe likashushwa. Bakuli Sh 3,000, chapati Sh 500. Chumvi, ndimu na pilipili unatia mwenyewe mezani.

Midomo ilinata. Ukifumba na kufumbua unausikia ute. Kongoro lilikuwa linatikisika kwenye mfupa bila kuanguka.

Armenia wana chakula kinaitwa khash. Kwato za ng'ombe, maji matupu, usiku kucha, hazitiwi chumvi mpaka mezani, na zinaliwa asubuhi na mapema miezi ya baridi, na kitunguu saumu na mkate mkavu uliovunjwavunjwa. Wahindi na Wapakistani wana paya, na wana nihari, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiarabu nahari, mchana, kwa sababu ililiwa kulipokucha baada ya kulala motoni usiku mzima. Sufuria ya nihari kifuniko chake huzibwa kwa unga uliokandwa. Wairani wanakunywa supu ya kichwa na miguu asubuhi. Niliyajua haya kwa kusoma. Lakini kukaa kwenye benchi la Makambako, mikono imekumbatia bakuli, na kujua kwamba kuna mtu Yerevan, kule Armenia, amewahi kukaa hivihivi na baridi hiihii na mguu uleule wa ng'ombe, hilo lilinigusa mpaka nikaacha kupiga picha.

Nilipolipa, mama alinirudishia Sh 2,000. "Ya kukwangua," akasema.

Makambako hadi Mbeya ni kama kilomita 170. Unashuka Igawa, joto linarudi, bonde la Usangu, mpunga Chimala na Igurusi, kisha unapanda tena. Nililala njia nzima.

Siku ya 5, Alhamisi. Mbeya

Siku ya manunuzi. Soko la Mwanjelwa lina kila kitu: tangawizi Sh 4,000 kilo, manjano mabichi, mchaichai mafungu kwa Sh 500. Hulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi, haikupatikana, nikaongeza tangawizi. Majani ya mlimau wa Kiindonesia pia hakuna, nikachuma ya mndimu kwenye ua wa gesti, kwa ruhusa.

Mchana nilitaka kuona stesheni ya TAZARA. Kwenye kivuli nje ya stesheni nikakutana na mzee aliyefanya kazi ya kibarua wakati reli inajengwa, kati ya 1970 na 1975, zile kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nikamwamkia, nikamnunulia chai, na swali langu lilikuwa moja, Wachina walioijenga walikula nini.

"Mboga," akasema bila kufikiri. "Kambi ikihamia mahali, kabla hujaona mahema umeona bustani. Nyama walikuwa nayo, lakini mpishi wao alikuwa anaikata kama karatasi." Akaweka kiganja cha kushoto mezani na kukikata kwa ubavu wa kulia, haraka haraka. "Anakata kuikinga nyuzi. Karai linawaka, anatupa, anageuza mara tatu, imeiva. Ng'ombe wa huku huku, mgumu. Sisi tulikuwa tunatafuna, wao wanameza."

Hilo ni jibu lingine kabisa kwa nyama ngumu, na ni jibu la watu wasio na kuni za kuchezea: badala ya kuilegeza nyuzi kwa saa sita, unaikata fupi kwa kisu kabla haijafika motoni. Tangu nirudi nimeijaribu kwa nyama ya paja. Kisu kiwe kikali na nyama iwe baridi sana, karibu igande, la sivyo inateleza.

Gesti Mbeya Sh 30,000. Chukueni mablanketi mawili, mapokezi wanatoa ukiomba.

Siku ya 6, Ijumaa. Mbeya hadi Tukuyu

Kosta kutoka Nanenane, Sh 5,000, kiroba Sh 1,000. Ukishapita Uyole na kuanza kupanda, nchi inabadilika rangi. Viazi Isongole, kisha Kiwira, ndizi, chai, parachichi, na mvua nyembamba katikati ya kiangazi. Dada alinisubiri barabarani na bodaboda mbili, moja yangu, moja ya nazi.

Mama mkwe wa dada nilimwamkia "Mugonile" nikiwa nimeinama, akanishika mikono yote miwili na kunijibu kwa Kinyakyusa kirefu ambacho dada alikifupisha: "Anasema umekonda, na wewe ni mpishi."

Dume lilichinjwa jioni. Wazee wa ukoo waligawa nyama wenyewe, kwa utaratibu wao. Mapaja yakaenda kwenye kuchoma, mbavu kwenye pilau, na mimi nilipouliza shingo, kidari na miundi ni za nani, waliangaliana. "Hizo chukua," shemeji akasema. Kilo kumi na nane. Waliofanya kazi ya kuchinja walichemsha sehemu yao palepale kwa maji na chumvi tu, wanaume watupu, sufuria ya miguu mitatu. Botswana chakula hicho kina jina na heshima ya taifa, seswaa, nyama na chumvi tu hadi ilegee kisha inapondwa kwa mti, na huko pia wanaopika ni wanaume, kwenye misiba na harusi. Nilikaa nao, nikapewa kipande cha ini.

Kisha nikagundua kosa langu. Nilikuwa na nazi kumi na nane na sikuchukua mbuzi ya kukunia. Nyumba ile haikuwa nayo, wala ya jirani. Shemeji akatuma vijana. Saa tatu usiku wakarudi na mwanamke wa Pangani aliyeolewa kijiji cha pili, amebeba mbuzi yake kichwani na tochi mkononi. Hakutaka kuniazima tu. Alikaa, akakuna nazi zote kumi na nane mwenyewe mpaka saa sita usiku, anaimba chini chini. "Miaka mitatu sijasikia harufu hii kwa wingi," alisema. Nilimwekea machicha na tui kikombe kizima akawapikie wanawe maharage.

Siku ya 7, Jumamosi. Sufuria

Moto uliwashwa saa kumi na moja alfajiri, mafiga matatu, kuni za mkaratusi. Viungo nilivisaga usiku: vitunguu vya Ruaha, saumu, tangawizi, manjano, pilipili mbuzi. Nikavikaanga na mchaichai, mdalasini, iliki na karafuu, nikatia nyama, kisha tui jepesi. Nazi mbili zilizokunwa nilizikaanga kavu hadi zikawa kahawia, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta, nikaziweka pembeni za kutia mwishoni.

Morogoro, rendang yangu inalegea saa ya tatu. Pale saa ya tatu ilifika na shingo bado inarudisha kidole. Wageni walitarajiwa saa nane mchana. Nilikuwa nimelisikia la Makambako kwa masikio yangu, nikaandika hata kwenye daftari, na bado nilikuwa nimeacha sufuria wazi kama nyumbani.

Nikaanza kutafuta jiwe. Mama mkwe wa dada aliniona nikizunguka uani, akauliza nini. Dada akamweleza. Bibi akaenda mwenyewe kwenye migomba, akarudi na majani manne mabichi, akayapitisha juu ya moto yakalegea, akayatandika juu ya nyama na kuyachomeka pembeni kote, kama afanyavyo kwenye sufuria ya mbalaga, ndizi zao za kupika. Juu kifuniko. Juu ya kifuniko jiwe la kunolea visu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Sasa kaa. Usifunue."

Nilikaa saa mbili na robo. Nilipofunua, harufu ya jani la mgomba ilikuwa imeingia kwenye tui, na muundi unakatika kwa mwiko. Ndipo nikatia tui zito na nazi ya kutwanga, nikaacha wazi. Nikafumba macho nikasikiliza. Mtokoto, mlio mwembamba, mchakacho. Nikageuza bila kupumzika dakika arobaini, mpaka kila kipande kikawa cheusi chenye wekundu na mafuta yakajitenga pembeni.

Iliingia ukumbini saa tisa na dakika kumi. MC alishamaliza vichekesho vyake vyote. Wazee wa upande wa bwana harusi waliikodolea macho, mmoja akauliza kama imeungua, akaonja, akahamisha sahani nzima upande wake wa meza. Bibi hakutaka ya sahani. Alitaka ukoko, akakwangua chini ya sufuria kwa kijiko, akala amesimama, akasema "Ndaga fijo" mara mbili, moja kwangu na moja kwa sufuria.

Kuna jambo la rendang sikulisema mapema. Vijana wa Kiminangkabau wana desturi ya kuondoka kwao kwenda kutafuta maisha mbali, na hiki ndicho chakula wanachofungiwa, kwa sababu maji yote yameshatoka na kinakaa siku nyingi bila kuharibika. Binti yetu alikuwa anaolewa Njombe. Kabla sufuria haijaisha nilimjazia kopo la lita tatu, nikamwagia mafuta ya juu, nikalifunga kwa mkanda wa gundi.

Kurudi nilipanda basi la moja kwa moja, Tukuyu hadi Morogoro, Kitonga kweupe.

Siku ya kumi na moja akanitumia picha ya kopo, tupu, limeoshwa. "Mjomba imeisha. Mume anauliza inapikwaje." Njombe ni juu kuliko Tukuyu, na baridi yake naijua. Nikamwandikia yote, kuanzia vitunguu hadi jani la mgomba, nikamwambia atafute jiwe zito. Na Ijumaa iliyopita nikampakilia nazi kumi kwenye basi, pamoja na mbuzi mpya ya kukunia niliyoinunua Sh 8,000. Kiroba Sh 7,000, apokee mwenyewe stendi.